IKILIA NA KUCHEMSHA, USIKIMBILIE KUBADILI INJINI

Kama kawaida yetu, oili mkononi, kitambaa mfukoni, na masikio wazi. Leo masikio ndiyo yenye kazi kubwa.

Kwanza nikuulize swali la uchokozi. Kati ya paa la nyumba ya mama yako na injini ya gari lako la kutambia, utaanza na kipi? Usijibu haraka. Soma kwanza kisa cha kijana mmoja wa Geita, halafu ndio unijibu.

Kijana mwenyewe jina simtaji, tumwite Mwenye Celica. Alianza kuhangaika na wenzake kwenye duara kule Nyarugusu, akapigika, akafilisika, akarudi tena, mpaka mambo yakamkubali na akapata kisehemu chake kwenye makarasha. Mkwanja ulipoingia, washkaji zake walinunua bodaboda na Noah za abiria. Yeye akasema hapana. Akanunua Toyota Celica ya mwaka 1992, nyekundu, ile ambayo taa zake za mbele mchana zimelala na usiku zinafumbuka kama macho ya chura. Ikipita Katoro siku ya mnada, ebwana, hata wauza dagaa wanageuza shingo.

Simlaumu. Gari hilo lina ukoo. Ndugu yake wa damu, Celica GT-Four yenye turbo na magurudumu manne yanayovuta, ndiyo iliyobeba Safari Rally miaka minne mfululizo: 1992 na Carlos Sainz, 1993 na Juha Kankkunen, 1994 na Mkenya Ian Duncan, na 1995 na Mjapani Yoshio Fujimoto. Vumbi, matope, mashimo, vyote ilivimeza. Lakini kijana akinitajia hayo huwa namwambia, "Dogo, zile gari zilikuwa zinafuatwa na helikopta na mafundi wenye spea. Wewe nyuma yako kuna nani?" Anacheka tu.

SIMU KUTOKA MAGANZO

Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, jua la Usukumani linapiga mpaka ardhi inapasuka. Kijana ametoka Geita asubuhi, amepita Sengerema, amevuka lile daraja la Kigongo hadi Busisi lililozinduliwa Juni 2025. Ni kama kilomita tatu za kukatiza juu ya ziwa, pale tulipokuwa tunakaa kwenye foleni ya kivuko mpaka muwa unaisha mdomoni. Akashika Usagara, akashika Misungwi, anateremka kuja Shinyanga. Mfukoni ana pesa ya mabati 80. Mama yake anaishi upande wa Kolandoto, nyumba imesimama kuta tupu mwaka wa pili, na mvua za Novemba hazimsubiri mtu.

Saa saba mchana simu yangu ikaita.

"Anko, shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

"Anko, niko hapa Maganzo. Gari imechemsha, nimeizima. Tena ilikuwa inalia tangu juzi. Kuna jamaa hapa, utingo wa lori, ana ndoo ya maji, anataka kufungua rejeta aipoze..."

Nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni. "Mwambie asiguse! Mwambie akae mbali kabisa!"

Msomaji wangu, hapo ndipo penye jambo la kwanza la leo, na ni la uhai, si la injini. Shinyanga iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji kwenye sufuria yanachemka yakifika nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100. Ndani ya rejeta hayachemki kwa sababu kile kifuniko kinayabana. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 kinaongeza kama nyuzi 20 kabla maji hayajachemka. Sasa piga hesabu: maji yamefika nyuzi 110, yametulia kwa vile yamebanwa. Wewe unafungua kifuniko. Kamba imekatika! Yanageuka mvuke kwa sekunde moja na kukurukia usoni na kifuani. Nimewahi kumbeba mwenzangu hospitali kwa kosa hilo, nikiwa bado kijana wa kuosha spana. Macho yake yalipona, shingo yake ina alama mpaka leo.

Na ile ndoo ya maji baridi nayo ni balaa. Silinda hedi ya gari kama hili ni ya alumini. Ikiwa ya moto ukaimwagia maji baridi, inapinda au inapasuka. Ulikuwa na tatizo la elfu kadhaa, sasa una la mamilioni.

Nikamwambia kijana akae kivulini. Nusu saa haitoshi, kaa saa nzima. Nilimsifia kwa kitu kimoja tu: mshale ulipogusa alama nyekundu aliegesha na kuzima papo hapo. Hakusema "nijikongoje mpaka mjini, si karibu tu." Wengi wanaua injini kwenye hizo kilomita chache za "si karibu tu".

Nilipokuwa namsubiri nikawaza jinsi dunia ilivyo ndogo. Hapo Maganzo ni mlangoni kwa Mwadui, mgodi wa almasi aliouanzisha Dakta John Williamson mwaka 1940. Mwaka 1947 yakatoka hapo almasi ya pinki ya karati 54.5, akapewa zawadi ya harusi binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Binti huyo huyo alipotawazwa malkia mwaka 1953, madereva wa Afrika Mashariki wakaandaa mbio za magari kumpongeza, na ndizo zilizokuja kuwa Safari Rally. Na sasa mjukuu wa mbio hizo yuko hapo, amekufa kwa kiu, mlangoni kwa Mwadui.

"INJINI IMENOKI, LETA NYINGINE"

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka gereji moja mjini. Kabla sijafika, fundi ameshaliwasha dakika moja, ameshasikiliza, na ameshatoa hukumu: "Bosi, injini imenoki. Hapa hakuna dawa. Tuagize nyingine ya mtumba kutoka Dar."

Bei ya injini hiyo pamoja na kuisafirisha na kuifunga ilikuwa, sikia vizuri, karibu sawasawa na mabati 80. Kijana alikuwa ameshatoa bahasha mfukoni. Nilimkuta ameishika mkononi, anaitazama. Nadhani alikuwa anaona ile nyumba ya Kolandoto.

Fundi mwenyewe si mtu mbaya, nataka ieleweke. Lakini alifanya kosa ambalo gereji nyingi wanalifanya: alisikia kelele, akaona mvuke, akaunganisha vitu viwili akapata maiti. Injini inayolia na kuchemsha si lazima iwe imekufa. Inaweza kuwa inakwambia kitu kimoja kidogo kwa midomo miwili.

Nikamwambia kijana, "Rudisha bahasha mfukoni. Kwanza tumhoji mgonjwa."

MASWALI YA MWANZO

Daktari mzuri haanzi na sindano, anaanza na maswali. Na wewe gari lako likichemsha, jiulize haya kabla hujaenda kwa fundi.

Linachemsha wakati gani? Kama linachemsha ukiwa umesimama kwenye foleni, hasa na kiyoyozi kimewashwa, halafu ukitembea mshale unashuka, mtuhumiwa ni feni. Ukitembea upepo unaingia wenyewe, ukisimama unategemea feni. Washa kiyoyozi, feni lazima izunguke. Isipozunguka angalia fyuzi, angalia rilei. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo, ukiwasha swichi na kuchomoa soketi ya kihisio cha joto cha feni, feni inatakiwa iwake yenyewe. Ikiwaka, feni ni nzima, mgonjwa ni kihisio. Isipowaka, endelea kutafuta kwenye waya au mota.

Lakini kama kwenye foleni iko poa na ukifika mwendo wa 100 ndio mshale unapanda, feni haina kesi. Hapo maji hayazunguki vya kutosha, au rejeta imeziba, au upepo haufiki kwenye rejeta.

Kijana akajibu, "Anko, kwenye foleni ya mnada iko safi. Nikikanyaga lami ndio inapanda."

Unaongeza maji mara ngapi? "Kila safari, kama lita moja." Lita moja haiendi mbinguni bure. Ama inavuja nje, ama inaingia ndani ya injini.

Maji gani? "Ya kisima, Anko." Nikatikisa kichwa. Visima vyetu vingi huku vina chumvichumvi. Angalia birika la mama yako ndani, ule ukoko mweupe. Sasa huo huo ukoko unajijenga ndani ya rejeta yako, kwenye mirija myembamba kuliko kalamu. Na kutu inatafuna kila kilicho cha chuma. Kulanti si ya kutia rangi. Inazuia kutu, inapandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi.

Nani alishika gari hili mara ya mwisho? Hapo kijana akakwaruza kichwa. Fundi mmoja wa huko alikotoka alimtolea themostati "ili ipoe vizuri", na akamtolea ile plastiki ya chini ya bampa kwa sababu ilikuwa inakwaruza kwenye matuta.

Jamani! Haya mambo mawili nayasikia kila wiki. Themostati ikitolewa, injini inachelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta na inalika mapema. Na kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka inafunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na maji mengine ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Yaani umetoa dawa ukidhani ndiyo ugonjwa. Ukiishuku themostati, usiitupe, ipime. Itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka hapo hapo kwenye 82, na kabla maji hayajachemka sana iwe imeachama.

Ile plastiki ya chini nayo si pambo. Itazame Celica hiyo usoni: haina grili ya maana. Imelala chini, pua imefungwa, inavuta upepo kupitia tundu la bampa. Ile plastiki ndiyo inayoelekeza upepo uende kwenye rejeta. Bila hiyo, ukikimbia upepo unapita chini na kwenda zake. Ndiyo maana gari la namna hiyo linaweza kupoa mjini na kuchemka kwenye lami.

KELELE NAZO ZINA LUGHA

Baada ya maswali, masikio. Kelele za injini usizisikilize kwa woga, zisikilize kama unavyosikiliza ngoma: ipi ni besi, ipi ni nyembamba, inaingia lini, inatoka lini.

Tek-tek-tek nyepesi kutoka juu ya injini, asubuhi ipo, ikipata moto inapungua. Hiyo mara nyingi ni tapeti au oili imepungua. Chomoa kijiti, pima oili. Si kifo.

Ching-ching-ching kama unatikisa sarafu ndani ya kopo, ukipanda mlima na gia kubwa. Hiyo petroli inajilipua kabla ya wakati wake. Sababu ni moto kupita kiasi, taiming ya plagi iliyokosewa, au petroli ya hovyo. Nyie wa machimbo mnaonunua petroli kwenye chupa, mnanisikia? EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, lakini chupa ya soda pembeni ya barabara haina wa kuitetea. Injini ya michezo imebana sana, haitaki petroli iliyozaa na mafuta ya taa.

Du-du-du nzito kutoka chini, ukikanyaga inaongezeka, na pengine taa ya oili inakonyeza. Hiyo ndiyo noki yenyewe, biringi za konrodi. Zima, vuta kwa kamba, usiendeshe hata mita 100. Ukitaka uhakika, fundi achomoe soketi za injekta, moja baada ya moja. Kwenye silinda yenye ugonjwa, akichomoa tu, ile du-du inapungua.

Na ipo krrrr au wiii, ya kusaga, inayopanda na kushuka pamoja na resi. Hiyo ni biringi ya kitu kinachozunguka: altaneta, pawa stelingi, kompresa ya kiyoyozi, wota pampu, au puli za taiming belti. Kanyaga klachi kwanza. Kelele ikibadilika, geuza macho kwenye relisi biringi na gia boksi. Isipobadilika, baki mbele ya injini.

Nikamwambia fundi awashe kidogo tu, nisikie. Krrrrrr. Klachi, haibadiliki. Resi, inapanda nayo. Du-du? Hakuna. Taa ya oili imezimika vizuri. Nikamtazama fundi, fundi akatazama chini.

"Hii si noki, kaka," nikamwambia. Akasema, "Lakini imechemsha, Mzee." Sawa. Tuthibitishe, hatubishani kwa mdomo.

VIPIMO VYENYEWE

Cha kwanza, tulitaka kujua kama silinda hedi na gasketi yake vimepona. Tukaacha gari lilale mpaka kesho yake asubuhi. Likiwa baridi kabisa, tukafungua kifuniko cha rejeta, tukajaza maji, tukawasha kwa muda mfupi na kutazama. Mapovu mawili matatu ya mwanzo ni hewa tu, yanaisha. Yakija mfululizo bila kukoma, kama soda, basi moto wa silinda unapita kwenye maji, gasketi imekwenda. Yetu yaliisha. Tukatazama chini ya kifuniko cha oili: kama kuna utando wa rangi ya chai ya maziwa, ni dalili mbaya, maji yameingia kwenye oili. Wetu ulikuwa mweusi wa kawaida. Ekzosti haikutoa moshi mweupe mzito wenye harufu tamutamu. Mwisho tukachomoa plagi na kupima komprehensheni, samahani, kompresheni, ulimi wa Kisukuma huo, silinda zote nne. Zikaja karibu sawa. Ile injini "maiti" ilikuwa inapumua kama mtoto wa shule.

Cha pili, kumtafuta mwenye kelele. Tulitoa belti za nje zote, ya altaneta na kiyoyozi na ile ya pawa stelingi, tukawasha kama nusu dakika. Ukitoa belti za nje na kelele ikaisha, mgonjwa ni mmoja wa hao. Hapa ikabaki vilevile. Krrrrrr.

Sasa fungua masikio, maana hapa ndipo palipo siri ya gari hili. Kwenye magari mengi wota pampu inazungushwa na fenibelti ya nje. Kwenye injini hizi za Toyota za familia ya 3S, wota pampu inazungushwa na taiming belti yenyewe, ndani ya kava. Huioni. Kwa hiyo ukitoa belti zote za nje na kelele ikaendelea, waliobaki ndani ni wachache: puli ya kukazia, puli ya kupitishia, na wota pampu. Na kati ya hao, mmoja tu ndiye anayeweza kukuletea kelele na kukuchemshia gari kwa wakati mmoja.

Cha tatu, bisibisi ndefu. Ncha unaigusisha kwenye kava, mpini kwenye sikio, mikono na nguo mbali na kinachozunguka. Tukawasha tena kwa sekunde chache. Upande wa juu, kimya. Nikasogeza kuelekea kwenye wota pampu, sikio likajaa kokoto.

Cha nne, tochi. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi, pampu ikianza kuvuja ndani, inatoa machozi hapo. Tulikuta mchirizi wa kutu na ukoko mweupe umeteremka mpaka kwenye kapu la oili. Ile lita moja ya kila safari, hiyo hapo. Ilikuwa inadondoka kwenye injini ya moto na kukauka, ndiyo maana hata alipolaza gari hakuona kidimbwi chini.

Fundi akazima tochi, akasema taratibu, "Mzee, nilitaka kumuuzia kijana injini."

"Ndio maana tunapima," nikamjibu.

TULICHOKIKUTA

Kava likafunguliwa. Shafti ya pampu ukiishika inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mapanga yake ya kusukumia maji yameliwa na kutu, yamebaki vijiti. Hapo ndipo ilipokuwa inachemka: ukienda polepole, maji kidogo yanatosha, ukikanyaga, moto unazidi, pampu haisukumi, na upepo haufiki.

Lakini kilichonitisha si hicho. Taiming belti ilikuwa imelowa maji ya pampu, imevimba ubavu mmoja, ina nyufa. Toyota wanataka belti hiyo ibadilishwe kila kilomita 100,000, na hii hakuna aliyejua ilifungwa lini. Pampu ikikwama, belti inakatika au inaruka meno. Belti ikiruka, vali na pistoni zinaweza kukutana, na hapo ndio ungeitafuta injini nyingine kwa haki. Kijana alikuwa kilomita chache tu kutoka kwenye kupata hasara ambayo fundi alishamtangazia.

Tukaweka pampu mpya, taiming belti, puli zote mbili, themostati, kifuniko kipya cha rejeta, tukaosha rejeta nje na ndani. Nje tulitoa mbegu za nyasi, wadudu na vumbi la makarasha lililoganda kama plasta. Ukiosha, maji yatokee upande wa injini kwenda mbele, presha ndogo, usije ukalaza mapezi yake. Ndani tukajaza kulanti, tukatoa hewa mpaka mipira ya juu na chini ikapata joto.

Kumbuka kanuni: ukiwa umefungua kava la taiming kubadili pampu, badili na belti na puli. Kazi ni ile ile, umeshailipia. Kubania hapo ni kufungua injini mara mbili.

UKIKUTWA PEKE YAKO BARABARANI

Najua wengine mnasoma huku mnatafuta mistari ya kukata na kubandika kwenye dashibodi. Haya, kateni.

Mshale ukianza kupanda kupita kawaida yake, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho na feni yake. Utatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo, inapunguza moto. Punguza mwendo, tafuta pa kuegesha.

Mshale ukigusa nyekundu au ukiona mvuke, egesha na zima. Usingoje kijiji kinachofuata.

Usiguse kifuniko cha rejeta mpaka mpira wa juu uweze kuushika kwa mkono bila kuurusha. Hata hapo, weka kitambaa kinene, geuza uso, fungua kidogo kidogo.

Maji yaongeze injini ikiwa imepoa, taratibu. Halafu tazama yanatokea wapi.

Na ukifika gereji, mwambie fundi linachemka lini na linalia vipi. Usimwambie "badili hiki". Akikwambia "badili injini", muulize: umepima kompresheni? Umetazama mapovu? Umetoa belti ukasikiliza? Fundi wa kweli hatakasirika.

HESABU YA MABATI

Sasa turudi kwenye swali langu la mwanzo. Spea na ufundi wote, tulipojumlisha, vilikula mabati 13. Si kidogo, lakini si 80. Ilibaki plastiki ya chini, ambayo kuipata mpya ya gari la 1992 ni ndoto. Kijana akanunua mabati 67 yaliyobaki, tukayapakia kwenye lori dogo mpaka Kolandoto, yeye anafuata nyuma na Celica yake, taa zimefumbuka mchana kweupe kwa furaha.

Mama akatupokea. Alipoelezwa habari ya plastiki hakusema kitu. Akaingia kwenye rundo, akavuta bati moja, akalisukuma kwetu. Fundi wetu alilikata, akalikunja, akalifunga chini ya bampa kwa bolti. Tukaenda mpaka Tinde na kurudi kwa mwendo wa lami. Mshale ulikaa katikati kama umepigwa msumari. Kelele hakuna.

Tuliporudi, yule mama alikuwa amekaa chini ya mwembe, anatazama gari, anatazama nyumba.

"Ng'wanawane," akamwambia mwanawe, "gari lako limevaa bati kabla yangu."

Kijana hakucheka. Mabati 66 yalipigiliwa wiki ile ile, chumba cha nyuma kikabaki wazi. Mwisho wa Oktoba akatuma 14 yaliyobaki kwa basi, na risiti akanitumia kwenye simu bila kuandika neno lolote. Mvua ya kwanza ya Novemba ilipopiga, mimi nilikuwa nimelala, simu ikaita usiku.

"Anko, sikiliza," akasema, akanyamaza. Alikuwa amekaa sebuleni kwa mama yake, ameinua simu juu. Nilisikia mvua inagonga bati.

Nikasikiliza vizuri, kama ninavyosikiliza injini. Hakuna palipovuja.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia breki zinazolia na wale wanaozimwagia maji zikiwa za moto. Mpaka hapo, endesha kwa akili.